Ruhusa ya Kupita: Safari na Hati katika Nchi za Maji ya Kagera

Mto Ruvubu hutoka katika milima ya Burundi, ukaigusa wilaya ya Ngara, ukakutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kutoka hapo Kagera huufuata mpaka wa Tanzania na Rwanda, ukageuka mashariki kando ya Uganda, na mwishowe ukamimina maji yake katika Ziwa Victoria. Hivyo maji yale husafiri baina ya nchi nne, wala hayaulizwi hati. Lakini mtu wa Mabawe, huko Ngara, akitaka kuifuata safari hiyo ya maji mpaka ziwani, na kutoka ziwani mpaka Port Bell na Kisumu, ataulizwa katika kila mlango: Wewe ni nani, watoka wapi, na nani anakujua?

Katika insha hii tunakusudia kueleza historia ya swali hilo. Wako wanaodhani kwamba kuomba ruhusa ya kuingia katika nchi ya watu ni desturi tuliyoletewa na wakoloni, na kwamba wazee wetu walikwenda walikotaka kama upepo. Dhana hiyo si sahihi. Ruhusa ni ya kale katika nchi zetu. Kilicholetwa na wageni ni mstari wa mpaka na karatasi. Mwenye kutofautisha mambo hayo mawili ndiye atakayefahamu vema kwa nini hati za safari zina uzito mkubwa hata leo.

Ruhusa kabla ya karatasi

Katika ustaarabu wetu mtu hapiti kizingiti kabla ya kupiga hodi na kuitikiwa karibu. Kama ilivyokuwa nyumbani, ndivyo ilivyokuwa katika dola. Misafara iliyotoka pwani kuelekea bara ililipa hongo kwa watawala wa nchi ilizopita. Malipo hayo yaliwaudhi wasafiri wa Ulaya, wakayaandika kana kwamba ni unyang'anyi; lakini kwa watawala wenyewe yalikuwa alama ya kwamba mgeni ameitambua nchi na mwenye nchi.

Mfano ulio wazi sana tunaupata Karagwe, kaskazini ya Ngara. Mwishoni mwa mwaka 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika. Aliwapokea kwa hisani, lakini hawakuweza kuendelea kwenda Buganda kwa matakwa yao wenyewe. Ilibidi habari zao zitangulie kwa Kabaka Mutesa, na Mutesa atume watu wake kuja kumchukua mgeni. Mnamo Januari 1862 Speke akaondoka pamoja na wajumbe hao, na Grant, aliyekuwa mgonjwa wa mguu, akabaki nyuma Karagwe. Basi tuitazame kazi iliyofanyika. Mtawala wa nchi ya kwanza alimdhamini mgeni; mtawala wa nchi ya pili aliridhia; na mjumbe akaja kumwongoza njiani. Hapakuwa na muhuri wala kitabu, lakini shughuli yote ya visa ilikuwapo.

Safari ya kulizunguka ziwa

Miaka kumi na mitatu baadaye, Henry Morton Stanley alilizunguka Ziwa Victoria katika mashua yake, Lady Alice. Safari ile ya mwaka 1875 ilikuwa ya kupita katika nchi nyingi kwa njia ya maji, kila nchi na mwenyewe. Huko Buganda alipokewa kwa heshima, kwa kuwa Kabaka alikuwa amepata habari zake na kutuma mitumbwi kumlaki. Alipoanza kurudi kusini kwa upande wa magharibi, mambo yakageuka. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili alitia nanga katika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kimo katika Mkoa wa Kagera. Mitumbwi ya Buganda iliyopaswa kumsindikiza ilikuwa imebaki nyuma. Alifika kama mtu asiye na mdhamini. Wenyeji waliivuta mashua yake pwani na kumnyang'anya makasia. Stanley akafyatua risasi, akaua, akajiokoa. Hakuridhika na hayo. Mwezi wa Agosti alirudi na kikosi, akawapiga watu wa Bumbire kwa bunduki kutoka majini, na wengi wakafa.

Hatusemi kwamba wenyeji wa Bumbire walikosa kwa kumshuku mgeni mwenye silaha. Tunasema kwamba pale pasipo na hodi na karibu, safari hugeuka vita kwa wepesi sana. Na tukio lile lilikuwa dalili ya zama zilizokuwa zinakuja, zama ambazo mgeni hangeomba tena ruhusa, bali angeitoa yeye kwa wenyeji.

Mstari juu ya ramani

Zama hizo hazikukawia. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitiliana sahihi mkataba uliolikata ziwa kwa mstari wa digrii moja kusini ya ikweta. Mwaka 1894 Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, alivuka Kagera hapo Rusumo na kuingia Rwanda pamoja na msafara wake. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilihesabiwa kuwa koloni moja, na boma la Biharamulo lilikuwa mojawapo ya ngome zao katika sehemu hizi. Kwa hiyo kuvuka Ruvubu hakukuwa bado kuvuka kutoka taifa moja hadi taifa jingine.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoubadili mto kuwa ukuta. Wabelgiji waliingia mwaka 1916, na baada ya vita wao na Waingereza waligawana nchi kwa mapatano ya mwaka 1919. Gisaka ilikatwa kutoka Rwanda, kisha ikarudishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Lakini Bugufi, nchi ya Wahangaza, iliyokuwa imefungamana na ufalme wa Burundi, ilibaki upande wa Tanganyika. Mwami Mwambutsa wa Burundi hakuacha kuidai, hata baada ya Vita Kuu ya Pili dai hilo likafika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Mpaka haukubadilika. Hivyo ndivyo shangazi alivyojikuta yuko nchi moja na mpwa wake nchi nyingine, na wala hakuna kati yao aliyehama.

Kuzaliwa kwa pasipoti ya sasa

Katika miaka hiyo hiyo dunia ilikuwa ikitengeneza karatasi ya kuulinda mstari. Kabla ya mwaka 1914 watu waliweza kusafiri katika nchi nyingi za Ulaya bila pasipoti. Vita vilileta hofu ya wapelelezi, na hofu ikaleta ukaguzi. Mwezi wa Oktoba 1920 Shirikisho la Mataifa liliitisha mkutano mjini Paris, na huko ikapendekezwa sura moja ya pasipoti: kitabu chenye kurasa 32. Wengi walitumaini kwamba ukaguzi ungeondolewa baada ya amani kutengemaa. Haukuondolewa. Na kwa kuwa wako watu waliopoteza nchi zao kabisa, kuanzia mwaka 1922 ilibidi Fridtjof Nansen, Kamishna Mkuu wa Wakimbizi wa Shirikisho hilo, awatafutie hati ya namna yake, ambayo iliitwa pasipoti ya Nansen. Tangu hapo mtu asiye na dola ya kumsemea alifanana na Stanley pale Bumbire, ila yeye hana bunduki.

Meli ya nchi tatu

Historia, hata hivyo, si ya kufunga milango tu. Kwa muda mrefu meli za shirika la reli na bandari za Afrika ya Mashariki zililizunguka ziwa, zikiunganisha Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Meli ya Victoria ilianza kazi mwaka 1961. Mkataba wa ushirikiano uliotiwa sahihi mjini Kampala tarehe 6 Juni 1967 ulizifanya reli, posta na meli kuwa mali ya Watanzania, Wakenya na Waganda kwa pamoja. Abiria aliyepanda meli ile alikuwa amekanyaga sakafu iliyo yake, bandari yoyote iwayo.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya mwezi wa Februari, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Meli ya Victoria ikabaki Tanzania. Upande wa magharibi, Idi Amin aliuvamia Mkoa wa Kagera mwaka 1978, na daraja la Kyaka likabomolewa. Duara la ziwa likakatika vipande. Hapo tukajifunza kwamba mlango uliofunguliwa kwa mapatano ya wakubwa waweza kufungwa kwa ugomvi wao, na kwamba anayebaki nje ni mwananchi mwenye mzigo wake mkononi.

Jumuiya ya sasa ilianzishwa kwa mkataba uliotiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999. Rwanda na Burundi zilijiunga tarehe 1 Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Mwaka 2016 kituo cha pamoja cha Rusumo kilizinduliwa, ambapo maafisa wa nchi mbili hukagua mahali pamoja.

Hesabu ya milango

Ili wanafunzi wauone utaratibu wenyewe, tuchukue mfano wa mgeni kutoka Ulaya anayekusudia kulizunguka ziwa kwa chombo cha kukodi: aanzie Mwanza, aende Port Bell, apite Kisumu, kisha arudi Mwanza. Jambo la kwanza ni kuhesabu milango, si nchi. Nchi ni tatu, lakini milango ni minne, kwa sababu Tanzania ataiingia mara mbili. Visa ya kuingia mara moja kwa kawaida humalizika mtu anapotoka, isipokuwa pale sheria inapompa nafasi ya kurudi. Kwa hiyo yampasa kuuliza habari ya kurudi kabla ya kung'oa nanga. Jambo la pili ni kutazama kama nchi zina mlango wa pamoja. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha visa moja ya utalii, kwa ada ya dola 100 na muda wa siku 90, na mgeni huanza kuingia katika nchi iliyomtolea. Tanzania na Burundi hazikuingia katika mpango huo, na kwa hiyo Mwanza ina visa yake. Jambo la tatu ni mpangilio wa vituo. Mgeni atokaye moja kwa moja Ulaya huenda asiulizwe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Akisha kupita Uganda, huulizwa. Mwishowe nahodha au wakala wake hukabidhi orodha ya abiria, na kila jina lazima lifanane na pasipoti, herufi kwa herufi.

Mwananchi wa Tanzania, Kenya au Uganda hahitaji visa katika safari hiyo. Lakini kuondolewa visa si kuondolewa hati, na hapa ndipo shida ya mtu wa mpakani ilipo. Kihangaza kinasikilizana na Kirundi. Majina ya koo yanafanana. Sura haina mpaka. Afisa hawezi kumtambua raia kwa kumsikiliza akisema. Mwombaji wa pasipoti hutakiwa kuleta cheti chake cha kuzaliwa na uthibitisho wa uraia wa mzazi. Mtoto wa mjini hutoa karatasi hizo kabatini. Mtoto wa kijiji kilicho karibu na mto, ambaye babu yake alizaliwa kabla ya vyeti, huanza kutafuta wazee watakaomshuhudia. Mdhamini wa siku za Rumanyika amerudi, ila sasa ushahidi wake ni lazima uandikwe na kupigwa muhuri.

Tusisahau pia siku ambazo hesabu hii yote ilisimama. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24, wakikimbia kutoka Rwanda. Hakuna aliyekuwa na visa, na hapakuwa na mlango ambao ungetosha kuwahesabu. Walipokewa. Wilaya ilikatwa miti, ikakaukiwa visima, na ikavumilia hofu nyingi. Lakini siku ile karibu ilitangulia hodi.

Yafaa nini basi kwa walimu na wanafunzi? Kwanza, tusiidharau hati. Dola yenye kujua nani anaingia na nani anatoka inatimiza wajibu uleule alioutimiza Rumanyika. Pili, tusiiabudu. Karatasi imewekwa badala ya neno la mwenyeji anayemjua mgeni, nayo ina thamani pale tu inaposema kweli na kupatikana kwa haki na maskini kama ipatikanavyo na tajiri. Tatu, kila shule iliyo karibu na mpaka ifanye kazi moja ndogo: wanafunzi wawaulize wazee wa kijiji wamezaliwa wapi, wazazi wao walizikwa wapi, na nani alikuwa jirani yao, kisha wayaandike majibu kwa tarehe na kuyahifadhi. Kazi hiyo ni somo la historia. Tena ni akiba, kwa maana huenda ikafika siku ambapo mmoja wa wanafunzi hao atasimama mbele ya meza ya afisa, aulizwe nani anamjua, na wazee wale wawe hawapo tena kujibu.