Kikokotoo cha elektroniki (programu)

Kikokotoo cha elektroniki ni programu ndogo ya kompyuta au ya simu inayowasaidia wapenzi wa elektroniki na mafundi kupata haraka majibu ya hesabu za umeme: ukinzani wa rezista, mkondo, upotevu wa volti katika waya au ukubwa wa paneli ya sola. Isichanganywe na kikokotoo cha mafao ya pensheni, ambacho nchini Tanzania kinajadiliwa zaidi.

Msingi wake ni kanuni aliyoitangaza Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827: volti ni sawa na mkondo mara ukinzani. Kanuni hiyo hufundishwa katika fizikia ya sekondari, na kuiandika kama programu huchukua mistari michache tu. Ugumu uko katika kuamua ni namba gani iingizwe, na jibu lipokewe namna gani.

Historia

Lugha ya BASIC, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz, iliwawezesha watu wasio wataalamu kuandika programu za aina hii. Tanzania ilichelewa, kwa kuwa mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na kwa miaka mingi wanafunzi walitegemea majedwali ya hisabati. Siku hizi hutumika zaidi Python, au JavaScript, ambayo hufunguliwa na kivinjari cha simu hata pasipo intaneti.

Rezista ya taa ya LED

Hesabu inayoombwa mara nyingi ni ya rezista inayotangulia taa ya LED. Programu huuliza volti za chanzo, volti za LED na mkondo unaotakiwa. Hutoa volti za LED kutoka katika volti za chanzo, kisha hugawanya kwa mkondo. Kwa betri ya volti 12, LED nyekundu ya volti 2 na mkondo wa ampea 0.02, jibu ni omu 500.

Rezista ya omu 500 haimo katika mfululizo wa kawaida wa madukani, unaokwenda 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 na 82, pamoja na vizidishio vyake vya kumi. Kwa hiyo programu nzuri hupanda hadi thamani ya juu inayofuata, yaani omu 560. Isishuke, kwa sababu kushuka huongeza mkondo.

Hata hivyo jibu hilo bado lina kasoro. Betri ya risasi iitwayo ya volti 12 hufikia takriban volti 14.4 inapochajiwa na sola. Hapo rezista ya omu 560 hupitisha ampea 0.022 na kutoa joto la wati 0.27, wakati rezista ndogo za kawaida ni za wati 0.25. Inaweza kuharibika polepole, na fundi akailaumu taa. Programu inapaswa kuuliza volti za juu kabisa. Kwa volti 14.4 jibu ni omu 620, hivyo huchaguliwa 680; joto ni wati 0.23, na ni busara kununua rezista ya nusu wati.

Programu inapaswa pia kukataa mkondo wa sifuri, pamoja na volti za LED zinazolingana na za chanzo au kuzizidi.

Vipimo

Makosa mengi hutokana na vipimo. Herufi m ndogo ni mili na M kubwa ni mega. Anayezichanganya hukosea mara bilioni moja. Mafundi huandika pia 4k7 wakimaanisha omu 4,700, hivyo programu ifundishwe kusoma maandishi hayo.

Waya mrefu na sola: mfano wa Same

Katika Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, nyumba nyingi za Milima ya Pare zimetawanyika miteremkoni, na huenda sehemu inayopata jua ikawa mbali na chumba kinachohitaji taa. Tuseme betri iko mita 20 kutoka kwenye vifaa vinavyovuta ampea 5 kwa waya wa shaba wa milimita mraba 1.5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa kuhesabu ni mita 40. Kusahau waya wa kurudi ndilo kosa la kawaida. Ukinzani ni 40 × 0.0175 ÷ 1.5, yaani omu 0.47, na volti zinazopotea ni 2.3, karibu moja ya tano ya volti 12. Waya wa milimita mraba 4 hupunguza upotevu hadi volti 0.9. Kwa umeme wa gridi wa volti 230, wati hizohizo 60 zingepoteza volti 0.12 tu katika waya ule mwembamba, ndiyo maana mazoea ya fundi wa umeme wa nyumba hayafai moja kwa moja kwa sola.

Paneli nayo hutegemea mahali. Mji wa Same uko chini ya milima, penye ukame na jua; juu, kuelekea msitu wa Chome na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, mawingu na ukungu ni vya kawaida. Taa tatu za wati 5 kwa saa 4 na redio ya wati 5 kwa saa 6 zinahitaji wati-saa 90 kwa siku. Ikikadiriwa kwamba asilimia 30 hupotea njiani, paneli lazima izalishe wati-saa 129. Akiandika saa 5 za jua kamili, mtumiaji huambiwa wati 26. Akiandika saa 3, huambiwa wati 43. Programu inayojaza saa 5 yenyewe bila kuuliza itamuuzia mtu wa mlimani paneli ya mtu wa tambarare.

Mitihani

Katika mitihani ya fizikia ya Baraza la Mitihani la Tanzania huruhusiwa vikokotoo visivyopokea programu pekee, hivyo mwanafunzi hawezi kuingia na programu hii. Anaweza kuitumia nyumbani kuhakiki majibu aliyokwisha kuyapata kwa mkono.