Nyuzi za Polipropilini na Ustahimilivu wa Zege dhidi ya Moto: Fundisho la Mahandaki ya Ulaya, 1994–2008

1.0 Utangulizi

Historia ya vifaa vya ujenzi husimuliwa mara nyingi kama safari ya kuelekea kwenye uimara zaidi. Historia ya nyuzi za polipropilini inakwenda kinyume na simulizi hiyo. Nyuzi hizo hazikupata nafasi katika kuta za mahandaki kwa kuwa zinahimili moto, bali kwa kuwa huyeyuka mapema. Insha hii inaonesha kuwa hitaji lake lilitokana na mafanikio ya zege lenyewe, na kwamba kinga hiyo ina wakati wake: siku ya kuchanganya zege.

2.0 Udhaifu wa Zege Imara

Kwa miongo mingi zege lilihesabiwa kuwa kinga ya moto, kwani haliwaki na hupitisha joto polepole. Zege la kawaida lina vinyweleo vingi. Maji yaliyomo yakigeuka mvuke, hupata pa kutokea. Kuanzia miaka ya 1980, wahandisi walizidi kutumia zege lenye nguvu kubwa, lililopunguziwa maji na, mara nyingi, kuongezewa vumbi laini la silika. Zege hilo lilizuia maji na chumvi kupenya, sifa iliyofaa sana chini ya bahari. Hata hivyo, njia iliyofungwa kuzuia maji ilimfungia mvuke ndani pia. Moto unapopanda ghafla, shinikizo la mvuke huungana na mkazo wa uso unaotanuka kuliko sehemu ya ndani, na tabaka la nje humeguka kwa kishindo. Tabaka moja likianguka, lililo nyuma yake hukabiliwa na moto, hadi nondo zibaki wazi.

3.0 Mioto Miwili

Mwezi Juni 1994 moto ulizuka katika mashine ya kuchimbia handaki la reli la Great Belt nchini Denmark. Palipoathirika zaidi, ukuta ulipoteza zaidi ya nusu ya unene wake. Wakati huo handaki la reli kati ya Uingereza na Ufaransa lilikuwa limekwisha kuzinduliwa mwezi mmoja tu kabla. Tarehe 18 Novemba 1996 treni iliyobeba malori iliungua humo. Watu wote 34 waliokuwamo waliokoka kwa kupitia handaki la huduma, lakini sehemu kubwa ya unene wa ukuta ilimeguka mahali moto ulipokuwa mkali zaidi.

4.0 Nyuzi Zinazoyeyuka

Polipropilini ilitengenezwa na Giulio Natta nchini Italia mwaka 1954. Nyuzi zake zilianza kuchanganywa na zege katika miaka ya 1960 ili kupunguza nyufa na kuhimili mapigo. Baada ya mioto hiyo, sifa iliyoonekana kuwa kasoro ndiyo iliyothaminiwa. Nyuzi hizo huyeyuka karibu na nyuzijoto 165, na huacha vijia vyembamba ambavyo, pamoja na nyufa ndogondogo zinazoviunganisha, humpa mvuke njia ya kutoka.

Katika mahandaki ya reli ya kasi ya London, iliyokamilika mwaka 2007, ilitumika takribani kilo 1 ya nyuzi kwa kila mita ya ujazo ya zege. Kanuni za Ulaya za mwaka 2004 kuhusu majengo ya zege na moto zinataja, miongoni mwa njia za kukinga zege lenye nguvu kubwa sana, zaidi ya kilo 2.

5.0 Hitimisho

Nyuzi hazizuii joto, wala hazilirudishii zege lililoungua nguvu yake. Zinachotoa ni muda: watu watoke, na wazimamoto waingie bila ukuta kuwamegukia. Lakini haziwezi kutiwa ndani ya ukuta uliokwisha kukauka. Septemba 2008 handaki la Uingereza na Ufaransa liliungua tena, na kuta zake za awali zikameguka tena. Fundisho lilikuwa limejulikana kwa miaka mingi; kuta zilikuwa zimejengwa kabla yake. Kwa jengo linalokusudiwa kudumu zaidi ya karne moja, uamuzi wa kilo moja au mbili za nyuzi hufanywa mara moja tu.