Filamu za visa vya Biblia ziyafuate Maandiko kwa kiasi gani?

KATIKA kitabu cha Mwanzo, Nuhu hanukuliwi akitamka neno hata moja hadi gharika inapokwisha. Anaagizwa kuunda safina, anaiunda, mvua inanyesha, maji yanakauka. Kauli yake ya kwanza kuandikwa ni laana dhidi ya Kanaani, katika sura ya 9. Mwelekezi anayetaka kuyafuata Maandiko neno kwa neno angelazimika kuwa na mhusika mkuu aliye kimya filamu nzima.

Ndiposa lawama kwamba filamu fulani "imeongeza mambo" haitoshi. Maandiko husimulia kwa ufupi, ilhali kamera sharti ionyeshe uso, vazi, nyumba na mazungumzo. La kuuliza ni iwapo nyongeza hiyo inaziba pengo au inafuta kilichoandikwa.

Cecil B. DeMille alikumbana na pengo la aina hiyo alipotengeneza The Ten Commandments mwaka wa 1956. Katika Kutoka sura ya 2, Musa ni mtoto anayekabidhiwa binti Farao. Aya inayofuata, tayari ni mtu mzima. DeMille aliijaza miaka hiyo kwa mapenzi na uhasama wa jumba la kifalme, mengi yakiwa ya kubuni. Hata hivyo, kabla ya kisa kuanza alijitokeza mwenyewe mbele ya pazia, akawaeleza watazamaji kwamba Biblia imeinyamazia miaka hiyo na kwamba amewaendea waandishi wa kale, Philo na Josephus. Uungwana huo haujaigwa na wengi.

Noah, filamu ya Darren Aronofsky ya mwaka wa 2014, ni kesi tofauti. Mwanzo 7:13 yasema wazi kwamba Nuhu aliingia safinani na mkewe, wanawe watatu na wake zao. Aronofsky alimpa mke Shemu pekee, na kutokana na badiliko hilo akamfanya Nuhu kuwa mzee aliye tayari kuwaua wajukuu wake wachanga ili kizazi cha binadamu kikome. Hapo hapakuwa na pengo la kuziba. Baada ya malalamiko, kampuni ya Paramount iliweka tahadhari kwenye matangazo kwamba filamu hiyo ilichochewa tu na kisa cha Nuhu. Qatar, Bahrain na Milki za Kiarabu ziliipiga marufuku kwa sababu nyingine kabisa: kumwigiza nabii, hata kwa uaminifu, ni mwiko.

Kuna pia kupotosha kwa uzito. Yohana 19:1 yataja kupigwa mijeledi kwa Yesu katika aya moja fupi. Katika The Passion of the Christ ya Mel Gibson (2004), kipigo hicho chachukua dakika kadhaa, na wengi walitoka ukumbini wakikumbuka damu kuliko mafundisho.

Filamu Jesus ya mwaka wa 1979 ilishikamana na Injili ya Luka, na imetiwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwemo. Wainjilisti wameionyesha usiku viwanjani vijijini. Injili zote nne hazielezi sura ya Yesu alipokuwa akihubiri, lakini kwa waliomwona mara ya kwanza kwenye kitambaa hicho cheupe, ana uso wa Brian Deacon, mwigizaji kutoka Uingereza.