Barabara ya kwenda ziwani: adui mkubwa si jiwe, ni maji

Kwa nini ni vigumu kuwa na barabara nzuri toka Kasongo na Kabambare mpaka Ziwa Tanganyika? Swali hili linarudi kila wakati wa mvua, kamyo zikilala njiani na bei ya chumvi na sabuni ikipanda sokoni. Wengi wanajibu: ni milima na mawe. Hiyo ni nusu ya jibu.

Upande wetu: udongo mwekundu

Njia hii si ya jana. Katika karne ya 19 misafara ilitoka ziwani, ikapita Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe. Leo mutuka inapita Kabambare, Lulimba na Fizi, halafu inashuka Baraka.

Sehemu nyingi za kwetu, mwamba umefunikwa na udongo mwekundu wenye changarawe. Ukikauka unakuwa mgumu sana. Ukilowa, kamyo moja nzito inatosha kuchimba shimo, na kesho yake shimo ni bwawa.

Upande wa ziwa: mawe yenye nyufa

Ziwa liko ndani ya bonde la ufa, pale ardhi ilipopasuka na kushuka. Maji yako karibu mita 770 juu ya bahari, lakini milima ya pembeni, upande wa Uvira, inapita mita 3,000. Mawe ya huko yamevunjika-vunjika. Ukikata mlima ili barabara ipite, umeuondolea mguu. Mvua inaingia ndani ya nyufa, na mlima unateleza. Madereva wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, wanajua hatari hiyo.

Tena kuna mito mifupi inayoshuka kwa nguvu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, ukaua watu na kubomoa nyumba. Na ardhi yenyewe inatikisika: Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 liliangusha nyumba Kalemie.

Kwa nini wasitoboe mlima?

Inawezekana. Kenya ilitoboa kilomita 4.5 chini ya milima ya Ngong kwa ajili ya treni ya Naivasha. Lakini lazima kwanza kupima mwamba, kisha kushikilia paa, kutoa maji na kuingiza hewa. Ni feza nyingi. Hata wakoloni, mbele ya maporomoko ya Lualaba na Milango ya Jehanamu karibu na Kongolo, walichagua kuzunguka: kati ya 1906 na 1911 walijenga reli ya kilomita 355 toka Kindu mpaka Kongolo.

Tuangalie nini?

Siku kazi zikianza kwenu, musiangalie tu mashine kubwa. Angalieni haya:

- Katikati ya barabara pako juu kuliko pembeni?
- Mifereji iko pande zote mbili, na inatoa maji mbali?
- Chini ya barabara kuna njia ya maji, pana ya kutosha kwa mvua kubwa?
- Mlima uliokatwa umeachwa na mteremko, ao umesimama kama ukuta?

Kisha kuna kazi yetu wenyewe: kuzibua mifereji kabla ya mvua, na kuheshimu baryere ya mvua. Dereva anayelipa kidogo ili apite juu ya udongo uliolowa anawafungia njia wote walio nyuma yake.