Historia ya Mafundi wa Redio na Skrini za Ndege: Kutoka Eastleigh hadi Ng'ambo ya Ndera

Vyombo vya sauti na picha ndani ya ndege ni vingi kuliko abiria anavyodhani. Yeye huona skrini mgongoni mwa kiti kilicho mbele yake. Haoni amplifaya inayobeba matangazo ya wahudumu, wala simu ya ndani kati yao na marubani, wala redio za mawasiliano na mnara. Haoni pia kinasa sauti cha chumba cha marubani, chombo ambacho kila mtu huomba kisije kusikilizwa. Vyote hivyo huchakaa, hung'olewa, hufunguliwa mezani na kurudishwa, na anayevifungua ni fundi wa avioniki. Afrika Mashariki kazi hiyo imefuata ndege kila zilipokwenda: Nairobi kwanza, kisha Entebbe na Dar es Salaam, na baadaye Kanombe, uwanja wa Kigali unaotazamana na tarafa ya Ndera ng'ambo ya bonde la Nyandungu.

Mwanzo wake ni redio. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, na mwaka 1931 Imperial Airways ikafikisha safari za kutoka London hadi Mwanza, kisha Cape Town mwaka uliofuata. Ndege za safari ndefu zilibeba mtu wa redio aliyegonga alama za Morse kwenye masafa mafupi, na redio yenyewe ilikuwa sanduku zito lenye valvu za kioo. Valvu hazikupenda mtikisiko wa injini wala kutua kwenye viwanja vya nyasi. Fundi wa siku hizo alikuwa mbadilisha valvu kwanza, mengine yakafuata. Leseni nazo zilikuwa mikononi mwa Wazungu kwa sehemu kubwa, hata pale ambapo mikono iliyoshika bisibisi haikuwa yao.

Vita vya pili vya dunia viliifanya Eastleigh, mtaa wa Nairobi, kuwa kambi ya jeshi la anga la Uingereza, na vilipokwisha, East African Airways ikaanza safari zake Januari 1946 kwa ndege ndogo aina ya Dragon Rapide. Mwaka 1958 uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mjini Nairobi. Ilipofika 1960 shirika lilikuwa na Comet za injini za jeti, na kuanzia 1966 Super VC10. Hapo ndipo ufundi huu ulipopanuka kweli. Ndege inayotoka Nairobi kwenda Ulaya usiku kucha ilihitaji redio za masafa mafupi za kuvuka Sudan na Sahara, redio za VHF karibu na miji, na mfumo wa matangazo usiokwaruza masikio. Benchi za Embakasi zikawa shule ya mafundi wa nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania.

Burudani ilikuja polepole. Imperial Airways ilionyesha filamu angani mapema kama Aprili 1925, katika ndege iliyoruka kutoka Croydon, lakini hiyo ilikuwa shani ya siku moja zaidi ya huduma. Filamu za kawaida angani zilianza Marekani mwaka 1961 katika ndege za TWA, kwa mkanda wa milimita 16. Miaka miwili baadaye zikaja vipokea sauti vya hewa: spika ndogo ilifichwa ndani ya mkono wa kiti, na abiria alichomeka mrija mtupu wa plastiki uliopeleka sauti masikioni kama stetoskopu ya daktari. Havikuwa na waya hata mmoja, na ndiyo sababu vilidumu. Vilivyotumia umeme vilianza kuvichukulia nafasi mwaka 1979, na tangu hapo fundi akapata kazi isiyokwisha ya kubadilisha matundu ya kuchomekea, kwa kuwa hakuna sehemu ya ndege inayovutwa na kupindwa na watu wengi kiasi hicho.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na shirika lake la ndege likafa mwanzoni mwa mwaka huo. Kenya ilibaki na Embakasi na karakana zake. Kenya Airways ikazaliwa Januari, Air Tanzania Machi. Uganda Airlines ilikuwa imekwishaundwa mwaka uliotangulia. Ndege hugawanywa kwa haraka kuliko benchi. Mashine ya kupimia redio ya aina fulani haina maana kwa nchi isiyo na ndege ya aina hiyo, na vitabu vya matengenezo vinalipiwa marekebisho yake kila mara. Mafundi walitawanyika na maarifa yakaenda nao, lakini vipimo vilibaki Nairobi.

Rwanda haikuwa ndani ya mgawanyo huo. Air Rwanda iliundwa Julai 1975, ikiwa na ndege ndogo za safari za ndani na baadaye Boeing 707 ya mizigo, jambo linaloeleweka kwa nchi isiyo na bandari. Ndege ya mizigo haihitaji filamu, ila redio yake haipaswi kufa juu ya misitu ya Kongo. Chombo kilichoharibika Kanombe kiling'olewa, kikafungwa lebo nyekundu, kikapelekwa kwa mwenye benchi nje ya nchi. Kwa shirika dogo lisilo na bahari ndivyo kazi hii ilivyo, na uhai wake wote unategemea jinsi sanduku linavyosafiri.

Miaka hiyo ndege kubwa za nchi nyingine zilikuwa zimefunga projekta za mirija mitatu darini: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Zilisumbua sana. Kila mtikisiko uliisogeza rangi moja kidogo, na uso wa mchezaji filamu ukaonekana na kivuli chekundu pembeni. Fundi aliiweka projekta mezani, akarusha picha ya miraba ukutani, kisha akazungusha skrubu moja moja mpaka mistari mitatu ikawa mmoja, kwanza katikati, halafu pembe nne, na kurudi tena katikati kwa kuwa pembe ziliivuta. Asiye na subira hakuiweza.

Skrini za mgongoni mwa kiti zilijaribiwa mwaka 1988 katika Boeing 747 ya shirika la Northwest la Marekani, ndogo za inchi 2.7. Katika miaka ya 1990 kila kampuni ilitaka zake, na haraka hiyo ilileta balaa. Tarehe 2 Septemba 1998 ndege ya Swissair nambari 111, MD-11 iliyokuwa ikitoka New York kwenda Geneva, ilianguka baharini karibu na Peggy's Cove huko Kanada, watu wote 229 wakafa. Wachunguzi wa Kanada walitoa ripoti mwaka 2003. Moto ulianzia juu ya dari karibu na chumba cha marubani, na waya wa umeme wa mfumo wa burudani ulikuwa na alama za cheche mahali hapo, ingawa hawakuweza kuthibitisha kuwa waya huo peke yake ndio ulioanzisha. Vitambaa vya kuzuia joto vyenye utando wa metali vilishika moto kwa urahisi. Tena, mfumo ule ulifungwa kwenye njia ya umeme ambayo swichi ya kuzima umeme wa abiria haikuigusa. Tangu hapo kazi iliyokuwa ikidharauliwa na mafundi wa redio, ile ya «kutengeneza televisheni za abiria», ikahesabiwa kuwa ya usalama. Fundi wa leo hapimi skrini tu. Anapima pia waya unaoilisha.

Kinasa sauti kina historia yake, na Kigali imo ndani yake. Chombo hiki kilibuniwa na David Warren mjini Melbourne katika miaka ya 1950. Vya zamani vilirekodi dakika 30 kwenye utepe, vya baadaye saa mbili kwenye chipu, na ndege kubwa zinazoundwa katika miaka ya 2020 zinadaiwa saa 25. Machi 2004 Umoja wa Mataifa ulikiri kuwa kinasa sauti kimoja kilikuwa kimewekwa kwenye kabati la faili mjini New York tangu 1994, kikidhaniwa kinatokana na ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda iliyotunguliwa karibu na Kanombe tarehe 6 Aprili mwaka huo. Kilifunguliwa na wataalamu wakasikiliza. Juni 2004 ilitangazwa kuwa hakikuelekea kuwa cha ndege ile. Kwa fundi kisa hicho kinahusu kumbukumbu kabla ya siasa: sanduku lenye namba ya mfululizo linapaswa kuwa na karatasi inayoonyesha lilifungwa ndege gani, lini, na nani.

Karatasi hiyo ndiyo roho ya karakana. Chombo kinapofika, hupokewa kwa kulinganisha namba zake na lebo, kisha hufunguliwa kwa kitabu cha mtengenezaji kilicho na marekebisho ya karibuni. Fundi huvaa mkanda wa mkononi unaopeleka umeme tuli ardhini. Amplifaya ya ndege haichomekwi ukutani: inataka volti 115 kwa mizunguko 400 kwa sekunde, wakati umeme wa Kigali ni wa mizunguko 50, kwa hiyo karakana lazima iwe na mashine ya kubadilisha. Mizunguko mingi huruhusu transfoma ndogo na nyepesi, na ndege hulipia kila kilo. Baada ya kulehemu, chombo huwashwa kwa saa kadhaa kikipashwa moto, hupimwa tena, kisha hutiwa sahihi ya Fomu 1, hati inayokiruhusu kurudi kwenye ndege. Bila sahihi hiyo chombo kizima kabisa hakina thamani kuzidi chuma chakavu.

Kinasa sauti kina kazi ya ziada. Kina kengele ya kuita chini ya maji, mlio wa kilohezi 37.5 ambao sikio halisikii. Huamshwa na maji yenyewe yakiunganisha ncha mbili za metali, kwa hiyo fundi husafisha ncha hizo kwa kitambaa na sabuni laini, maana vumbi lenye unyevu linaweza kuiamsha ndani ya ndege na kuimaliza betri. Kisha hulowesha ncha kwa makusudi, na kifaa cha kupimia huugeuza mlio kuwa tiktiki ya kusikika.

Kuna vyombo vinavyofika mezani vikiwa vizima. Rubani ameandika kuwa redio ilikatika angani; mezani inaongea vizuri. Sababu huwa baridi ya angani, mtikisiko, au plagi iliyolegea ndani ya ndege yenyewe, na sanduku limesafirishwa bure. Hili ndilo linalowachukiza wahasibu kuliko mafundi.

Nchini Rwanda, Rwandair Express iliundwa Desemba 2002 na kuitwa RwandAir mwaka 2009. Mwaka 2011 ilipokea Boeing 737-800 mpya, na Septemba 2016 Airbus A330-200 iliyopewa jina Ubumwe, yenye viti 244. Viti 244 maana yake skrini 244, rimoti, matundu na masanduku ya umeme chini ya viti, pale pale penye miguu na kahawa inayomwagika. Hata hivyo benchi ya skrini hailipi kwa ndege chache. Mashine ya kupimia, leseni ya mtengenezaji, mafundi wawili waliofunzwa na akiba ya spea hugharimu sawa kwa ndege mbili na kwa ishirini. Kwa hiyo kinachofaa Kanombe ni kubadilisha sanduku zima, kusoma hitilafu kwenye kompyuta, kusafisha, na kupakia filamu mpya kila kipindi, huku ufunguaji wa ndani ukienda kwa wenye ndege nyingi, kama Addis Ababa na Embakasi.

Ndera ingeweza kuibadili hesabu hiyo. Zamani tarafa hii ilijulikana kwa seminari ndogo na hospitali ya magonjwa ya akili; leo mtaa wake wa Masoro una Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, ambako kompyuta za Positivo BGH zilianza kuunganishwa mwaka 2015, magari ya Volkswagen mwaka 2018 na simu za Mara mwaka 2019. Mikono inayojua kulehemu bodi ndogo na kuvaa mkanda wa umeme tuli imeshafika mtaani, dakika chache kutoka uwanja wa ndege. Kinachokosekana ni kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na idadi ya vyombo vya kutosha, na cha pili ni kigumu kuliko cha kwanza.

Teknolojia nayo inageuka. Mashirika mengi sasa yanapeleka filamu kwa Wi-Fi kwenye simu ya abiria mwenyewe, na hapo skrini na masanduku ya chini ya viti huondoka, zikabaki antena za Wi-Fi na seva moja. Uwanja mpya wa Bugesera, ambao Qatar Airways ilikubali mwaka 2019 kuchukua asilimia 60 yake, utazihamishia ndege kusini mwa Kigali, na utaiondolea Ndera ujirani wake na Kanombe. Matangazo ya wahudumu, simu ya ndani, redio za rubani na kinasa sauti vitaendelea kudaiwa na sheria katika ndege kubwa za abiria, na vitaendelea kufungwa lebo nyekundu vinapoharibika.