Kutoka Ukarabati hadi Mwonekano: Historia Fupi ya Vipindi vya Televisheni vya Kutengeneza Nyumba na Funzo Lake kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya vipindi vya televisheni vya kutengeneza na kupamba nyumba nchini Uingereza na Marekani, tangu miaka ya 1950 hadi 2012. Yanadai kwamba katika muda huo lugha ya vipindi hivyo ilihama kutoka maelezo ya kazi hadi mshangao wa matokeo, na fundi akapoteza nafasi yake ya ualimu. Mwisho, yanaeleza kwa nini badiliko hilo linawahusu watunga sera za lugha na utangazaji katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha leo, nyumba iliyotengenezwa upya huelezwa kwa istilahi mbili zinazotumiwa kana kwamba ni visawe: ukarabati na mwonekano mpya. Ya kwanza hutaja kazi. Ya pili, inayotokana na kitenzi kuonekana, hutaja kile ambacho jicho hukiona kazi ikiisha. Vipindi vinavyotufikia kupitia ving'amuzi vimesafiri njia hiyohiyo, kutoka istilahi ya kwanza hadi ya pili, na safari hiyo inaweza kufuatiliwa kwa miaka.

2.0 Enzi ya Fundi Mwalimu

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa nyumba, na kaya nyingi za kipato cha kawaida zilijifunza kujitengenezea zenyewe. Barry Bucknell alipata umaarufu katika BBC kwa kuwaonesha watazamaji namna ya kufanya hivyo. Mwaka 1962 kilianza kipindi cha Bucknell's House, ambamo nyumba chakavu iliyonunuliwa na BBC huko Ealing, magharibi mwa London, ilikarabatiwa wiki baada ya wiki. Lugha yake ilikuwa ya hatua: pima, kata, piga msasa, subiri ikauke.

Enzi hiyo haikukosa dosari. Bucknell aliwahimiza watazamaji kufunika milango ya kale yenye nakshi kwa mbao bapa ili ionekane ya kisasa, na wapenzi wa majengo ya kihistoria wamelalamikia ushauri huo hadi leo. Hata hivyo, aliyeharibu mlango wake aliuharibu kwa mkono wake mwenyewe na alijua namna ya kuurudisha.

Nchini Marekani, kituo cha WGBH cha Boston kilianzisha This Old House mwaka 1979, kikianza na nyumba kuukuu ya mtaa wa Dorchester. Mtangazaji alikuwa Bob Vila, lakini aliyeshika randa alikuwa seremala Norm Abram. Sifa za Abram zilikua kiasi kwamba mwaka 1989 alipewa kipindi chake mwenyewe cha useremala. Hapo fundi alikuwa na jina, sauti na mamlaka ya kueleza.

3.0 Enzi ya Kufunua

Mwaka 1996 BBC ilianza kurusha Changing Rooms. Majirani walibadilishana funguo, kila upande ukapamba chumba kimoja cha mwenzake kwa siku mbili na pauni 500. Kanuni hizo zilibadili kila kitu. Chokaa haikauki kwa amri ya mtayarishaji; kwa hiyo kazi iliyohitaji muda iliachwa, na mahali pake pakaja rangi na mbao za MDF. Kilele hakikuwa tena kazi, bali uso wa mwenye nyumba anapofumbua macho. Chuki yake kwa chumba kipya ilivutia sawa na furaha yake. Marekani iliiga mfano huo mwaka 2000 kwa Trading Spaces.

Extreme Makeover: Home Edition ya shirika la ABC, iliyoanza Desemba 2003 na kufikia kikomo mwaka 2012, ilikwenda mbali zaidi. Familia yenye shida ilipelekwa likizo, nyumba yake ikajengwa upya kwa siku 7, kisha basi kubwa likaondolewa mbele yake umati ukishangilia. Msaada ulikuwa wa kweli, lakini gharama za kuishi katika nyumba kubwa hazikuwa sehemu ya hadithi. Baada ya msukosuko wa mikopo wa mwaka 2008, baadhi ya nyumba hizo ziliwekwa sokoni au kunadiwa kwa sababu ya madeni.

4.0 Funzo kwa Kiswahili

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya ndani ya nyumba. Katika nyumba za mawe za Lamu, urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopima upana wa chumba, chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na zidaka zilipamba ukuta. Mafundi wa leo nao wana timazi, pimamaji, keekee, patasi na mwiko. Mtangazaji anayefuata mtindo wa kufunua hayahitaji maneno hayo. "Mwonekano mpya" humtosha. Neno lisilohitajika hewani huendelea kuishi kwa fundi pekee, na fundi anapozeeka huzeeka naye.

Hasara nyingine ni ya mfukoni. Mtazamaji anayeona sebule ikigeuka kwa nusu saa, bila kuelezwa bei wala muda, huingia katika mapatano na fundi, au katika mkopo, akiwa hana kipimo.

5.0 Hitimisho

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, vituo vya umma vitayarishe vipindi vya ukarabati kwa Kiswahili pamoja na vyuo vya ufundi, kama vile vya VETA nchini Tanzania. Pili, kila kipindi kitaje gharama, siku za kazi na jina la fundi. Tatu, istilahi zinazotamkwa na mafundi hao zirekodiwe na kuingizwa katika kamusi. Mshangao wa mwisho unaweza kubaki, kwa kuwa watazamaji wanaupenda. Ila utanguliwe na kazi yenyewe, na aliyeifanya apewe nafasi ya kuieleza.