KUTOKA KIKAPU HADI RAMBO



Tunapoadhimisha miaka 10 ya kuweka na kukopa, tumeona vema tuandike historia fupi ya kitu ambacho kila mmoja wetu hubeba aendapo sokoni.

Bibi zetu walikwenda gulioni na kikapu. Pwani walisuka ukili wa miyaa au ukindu, wakaushona. Wenzetu wa Kenya, Wakamba na Wakikuyu, walikuwa na kiondo cha mkonge. Nyama ilifungwa kwa jani la mgomba au gazeti. Kikapu kikichoka kilitupwa shambani kikaoza, basi.

Ilipozagaa mifuko ya plastiki, ile tuliyoizoea kwa jina la rambo, kikapu kikaonekana cha kishamba. Rambo ilikuwa nyepesi, hailowi, na mara nyingi ni ya bure. Lakini haiozi! Iliziba mitaro, maji ya mvua yakaingia majumbani, na mifugo iliyoimeza ikafa.

Ndipo serikali zikaingilia kati. Zanzibar ilipiga marufuku mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Huku Bara, kukutwa na mfuko tu kuliwekewa faini ya shilingi 30,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili.

Je, mambo yakaisha? Hapana. Ule mfuko mbadala unaofanana na kitambaa nao ni plastiki, ila nzito zaidi. Mwaka 2011 idara ya mazingira ya Uingereza ilitoa hesabu ya joto la dunia. Ili ulingane na mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja, mfuko wa karatasi sharti utumike mara 3, huo mbadala mara 11, na wa pamba mara 131. Pamba inataka shamba, maji, mbolea na umeme wa kiwanda. Hesabu hiyo haikugusa mitaro iliyoziba, wala kikapu cha ukili hakikuwamo.

Sisi wa kuweka na kukopa tunaielewa upesi. Mfuko huja na deni, na deni hulipwa kwa kuutumia tena na tena. Anayenunua mpya kila siku ni sawa na anayekopa leo kulipa mkopo wa jana.

Tunajua wapo kati yetu wanaopata senti mbili tatu kwa kuuza mifuko hiyo gengeni. Hatusemi waache kesho. Tunachoomba ni kwamba kabla ya kumuuzia mteja mfuko, aulizwe kwanza: "Mama, kikapu umekiacha wapi?" Na mwenye kujua kushona ukili tunamsihi awafundishe wengine mwaka huu, maana wajuao wanazidi kupungua, na kazi hiyo ina fedha.